Gari Liko Gereji

Kwa miezi miwili jirani yangu wa Kimara, Dar es Salaam, aliniuliza swali lilelile kila tulipokutana asubuhi kituo cha mabasi ya mwendokasi: "Baba Rehema, gari vipi?" Na mimi jibu langu likawa moja: liko gereji. Halikuwa gereji. Nilishaliuza.

Ilikuwa Toyota IST nyeusi, ya mkononi, Sh milioni 11 za mkopo wa mshahara. Makato Sh 350,000 kila mwezi kwa miezi 48, na mshahara wangu laki tisa kabla ya kodi na michango ya hifadhi ya jamii. Hicho kilichobaki ndicho kilitakiwa kinunue petroli, kilipe bima na maegesho ya Posta, kisha kimtulize fundi, maana miguu ya mbele ilikuwa inagonga na kila fundi aliusikia mlio huo kivyake. Huyu bushi, yule shokapu. Ikifika tarehe 20 gari linalala nyumbani kwa kukosa mafuta, mimi napanda mwendokasi. Jumamosi nalifuta vumbi.

Ndipo nikaingia kwenye kausha damu za simu, ile mikopo ya haraka yenye riba kali. Unaomba elfu hamsini, inaingia pungufu, wiki moja mbele unadaiwa elfu sabini. Nilipochelewa siku mbili wakampigia mama mkwe. Novemba 2024, Benki Kuu ilipotangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, nyumbani kwetu lile tangazo lilisomwa kwa sauti.

Bibi yangu kule Muheza alipimia mchele kwa kibaba cha bati. Anajaza, anapitisha kiganja juu, punje zinazozidi zinarudi guniani. Sote tumekariri kwamba haba na haba hujaza kibaba, na tunaitumia methali hiyo kuhimizana kuweka akiba. Mimi nimechelewa kuliona neno moja humo: hujaza. Kibaba kina ukingo, kwa hiyo kinajaa. Ukitaka pishi unasema mapema, upimiwe vibaba vinne. Mimi nilikuwa napimia maisha kwenye pakacha bovu, kila ninachotia kinapita chini, halafu nalaumu mshahara.

Hadithi ile ya Mtume iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba utajiri si wingi wa mali bali ni utajiri wa nafsi, niliisikia tangu madrasa. Niliichukulia kama maneno ya kuwapoza maskini. Na lugha yetu ina utani wake: kukinai ni kuridhika, na kukinai pia ni kuchoshwa na kitu mpaka hukitaki tena. Lile gari nililikinai kwa maana ya pili kwanza.

Nililiuza milioni nane na nusu, nikapunguza deni. Hasara? Ndiyo. Ila wahenga walishasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na usiku ule nililala mpaka adhana.

Nikikushauri, nitakushauri jambo moja tu: chora ukingo wako kabla pesa haijafika, maana ikishafika mkononi inakuja na mawazo yake. Wangu upo nyuma ya daftari la hesabu la Rehema: kodi ya miezi sita imelipwa, ada imelipwa, hisa za kikoba hazijarukwa, na Ijumaa wali wa nazi na samaki. Yakitimia hayo, kimejaa. Kinachozidi nakitumia bila roho kunidunda, au nampa mtu. Mwezi wa kwanza kilichozidi kilikuwa Sh 14,000. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipokuwa na shilingi isiyodaiwa na mtu.

Simwambii haya asiye na kodi ya mwezi ujao. Mwenye njaa hana cha kukinai, ashughulikie njaa kwanza, na anayepunjwa ujira wake audai. Kutosheka anakokuhubiria bosi mwenye magari matatu ni habari nyingine kabisa. Na sitakudanganya kwamba silikumbuki gari. Mvua ikinyesha, basi limejaa, umebanwa kwapani mwa mtu, unalikumbuka sana.

Kilichoniwia kigumu kuliko deni lenyewe ni kuliacha lile jibu la gereji. Wiki iliyopita jirani akauliza tena. Nikamwambia, nimeliuza bwana, tangu mwezi wa tatu. Akanyamaza, akawa anatazama basi linavyoingia, watu wameshaanza kusukumana mlangoni.

"Hata la kwangu," akasema, "siku hizi liko gereji."