Ndama wawili, banda moja, kikohozi kimoja

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina ndama wawili wa Holstein, baba mmoja, wamepishana siku nne kuzaliwa. Wanalala banda moja na kunywa ndoo moja. Mmoja anakohoa wiki ya pili sasa, kamasi nzito, na jana joto lake lilikuwa 40.3. Mwenzake anarukaruka tu. Jirani ameniambia ni damu mbaya, niuze ndama pamoja na mama yake. Halafu nimesikia kwamba wataalamu hupima jeni za ng'ombe anayeumwa mapafu na kuona zimebadilika. Jeni si mnyama anazaliwa nazo? Ugonjwa unazibadilishaje?
Mfugaji wa maziwa

JIBU: Marahaba. Kabla ya jeni: kwa joto hilo na wiki mbili za kukohoa, mwite mganga wa mifugo leo hii, na kila ndama apate ndoo yake.

Sasa jeni. Hazijabadilika. Ng'ombe ana jeni kama 22,000 katika jozi 30 za kromosomu, na karibu kila seli ya mwili inazibeba zote, ila haizitumii zote. Kuwa na chungu si kukiteleka. Wataalamu wanachohesabu kwa mnyama mgonjwa ni vyungu vilivyo motoni siku hiyo, yaani jeni zinazotumika.

Virusi vikiingia kwenye njia ya hewa, seli hutoa intaferoni, protini za kupiga mbiu ya hatari, na intaferoni huamsha jeni kama MX1 na ISG15, ambazo kazi yake ni kumzuia kirusi asizaliane. Bakteria wakiingia, mkondo ni mwingine: seli nyeupe aina ya nyutrofili hukimbilia mapafuni, na ini huanza kumwaga haptoglobini, protini ambayo kwa ng'ombe asiyeumwa haionekani sana kwenye damu. Katika jaribio lililochapishwa 2015, ndama waliambukizwa kwa makusudi kimelea kimoja kimoja, kisha zikachunguzwa tezi za limfu zilizo karibu na mapafu. Kila kimelea kiliacha alama zake. Hizo ndizo habari ulizozisikia, na hazisemi lolote juu ya ukoo wa mama.

Je, ukoo hauna lake? Unalo, ila si kubwa kama jirani anavyodhani. Makadirio mengi ya kiasi ambacho tofauti za ugonjwa huu wa mapafu hutokana na urithi hayafiki robo. Kinachobaki ni vumbi, msongamano, safari, baridi, na dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Tena si jeni moja, ni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo.

Kuna moja, hata hivyo, ambayo sichoki kuizungumzia. Inaitwa CD18. Hutengeneza kishikio ambacho seli nyeupe hukitumia kujishikiza kwenye ukuta wa mshipa wa damu ili zipenye kwenda penye maambukizi. Kulikuwa na dume wa Holstein, Osborndale Ivanhoe, aliyezaliwa 1952 na mbegu zake zikasambaa sana kupitia wanawe na wajukuu. Alibeba kasoro ya herufi moja tu kwenye jeni hiyo. Ndama aliyeipata kutoka kwa baba na kwa mama pia alikuwa na damu iliyojaa seli nyeupe kupita kiasi, huku mapafu yakiharibika, kwa kuwa seli hizo zilishindwa kutoka kwenye mshipa. Kasoro yenyewe ilitambuliwa 1992. Ndiyo maana kwenye vyeti vya madume wa Holstein utaona herufi TL kwa aliyepimwa akaonekana safi, na BL kwa anayeibeba. Angalia cheti cha baba wa ndama wako. Hiyo ndiyo damu mbaya ninayoifahamu mimi, na hupimwa maabara, haibashiriwi.

Upande wa pili wa CD18 unawahusu ndama wako wote wawili. Bakteria Mannheimia haemolytica huishi puani mwa ng'ombe wasioumwa bila ugomvi. Kinga ikilegea, hushuka mapafuni na kutoa sumu inayonasa kwenye kishikio hicho cha CD18 na kuua seli nyeupe. Inanasa kwa sababu protini hii kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo hubaki na kipande cha mwanzo ambacho kwa wanyama wasiocheua hukatwa. Yaani hakuna ukoo wa ng'ombe wa kawaida uliosalimika na udhaifu huo. Mara ya kwanza kulishika pafu la ndama aliyeuawa na bakteria huyu, nikiwa mwanafunzi, nilidhani nimepewa ini. Sehemu ya mbele yote ilikuwa nyekundu na ngumu vile.

Kwa hiyo mimi ningeanza na saa ya kuzaliwa. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, na utumbo wa ndama huzipokea kutoka kwenye dang'a kwa takriban saa 24 tu, vizuri zaidi katika saa sita za kwanza. Aliyezaliwa usiku wa manane akanyonya asubuhi, na aliyezaliwa mchana mbele ya macho yako, wanaweza kutofautiana hivyo hivyo hata wangekuwa pacha.

Mama usimuuze. Niandikie: huyu anayekohoa alizaliwa saa ngapi, na alinyonya saa ngapi? Na ndama waliomtangulia kwa mama huyohuyo, wangapi walikohoa?