Soma na salamu

Bwana Mhariri, swali lenu la wiki lauliza: "Je, nyaraka za mitume zina mamlaka sawa na Injili?" Nilikuwa nimeshaandika "Hapana" kwenye simu, neno hilo moja, bado kutuma tu. Kwetu kanisani Injili ikisomwa twasimama. Waraka ukisomwa twakaa, wengine twajipepea na bahasha ya sadaka. Miguu imeshajibu, nikasema, mjadala wa nini?

Ila ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira. Mwezi uliopita alitujia mhubiri mgeni, simtaji, akafungua Waefeso sita na kuwageukia vijana wanaofanya kazi mahotelini: "Enyi watumwa, watiini mabwana zenu." Hapa Malindi! Mji ambao mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa, na ambao nusu yetu tukichimba ukoo vizuri twakuta mtoro au mwenye kumfukuza mtoro. Kijana mbele yangu alikuwa na sare ya kazi ndani ya begi, zamu yake yaanza saa nane. Akaitikia "Amina." Nilitoka nje.

Kazi yangu mimi ni barua. Sasa nina saiberi, zamani nilikuwa na meza na mashine ya chapa chini ya mwarobaini, watu wakija kuniambia "mwandikie hivi." Kwa hiyo nikimkuta Tertio, mwandishi wa Paulo, akichomeka salamu zake mwenyewe katika Warumi 16, nacheka, maana nami nimewahi kufanya hivyo. Na Paulo hachanganyi mambo. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, neno moja asema ni agizo la Bwana, linalofuata asema ni lake yeye, wala si la Bwana. Mwenye barua ametenganisha, sisi ni nani tukoroge?

Nilitaka kuishia hapo. Halafu nikamkumbuka hawe.

Ilikuwa 1984, niko darasa la sita, kijijini nyuma ya Malindi. Mwalimu wa kipaimara alituagiza tusome waraka mfupi kuliko zote za Paulo, ule kwa Filemoni, mistari 25. Hawe, bibi yangu mzaa baba, alikuwa mkekani akishona makuti: anakunja jani juu ya ufito, anafunga, anasogea. Hakujua kusoma. Barua za baba kutoka Mombasa mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, na nilikuwa na tabia ya kuruka salamu ili nifike upesi kwenye habari ya pesa. Filemoni nikamsomea vivyo hivyo, mbio mbio.

"Ngoja, mume wangu. Huyo Onesimo ni nani?"

"Mtumwa. Alimkimbia bwana wake, huyo Filemoni."

Mkono ukasimama. "Mtoro."

"Eeh. Paulo anamrudisha."

"Na barua kaibeba nani?"

Sikujua. Baadaye mwalimu alinionyesha Wakolosai sura ya nne, Onesimo yuko safarini na Tikiko, mjumbe wa Paulo. Usiku ule nilibahatisha tu: "Labda yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe! Kabeba karatasi ya kumrudisha, njia nzima, na pengine kusoma hajui." Akaweka jani chini. "Anza upya. Polepole, na salamu."

Nikaanza. Nilipotaja Afia na Arkipo na kanisa lililo nyumbani kwa Filemoni, akasema, "Kumbe si yake peke yake. Wote wasikie." Nikafika "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa." Kimya. Nikafika pale Paulo anaposema kama kuna deni liandikwe juu yake, yeye atalipa. Akaguna. Paulo akaomba atayarishiwe mahali pa kukaa, na hapo hawe akacheka: "Anakuja kuangalia mwenyewe. Mjanja huyu mzee." Mwisho Epafra, Marko, Aristarko, Dema, Luka. "Hao ni mashahidi," akasema. "Na wewe ulikuwa unawaruka."

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amenieleza kabla. Babu yake alikimbia shamba hapa hapa Malindi akafika misheni ya Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru pale, baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza kuwalipa fidia waliodai kuwa mabwana zao. Tarehe na hesabu niliyasoma ukubwani. Hawe alijua tu kwamba hati ile ililiwa na mchwa ndani ya sanduku, na kwamba, nayasema kwa maneno yake, "Bwana alilipwa. Babu hakulipwa."

"Na huyo Onesimo," akauliza, "barua yake iko wapi?"

Nikafunua ukurasa, nikakuta Waebrania. "Hakuna, hawe."

"Basi." Akachukua jani jingine.

Nimeandika hadi hapa naona "Hapana" yangu yalegea. Sijawahi kumwona hawe akisikiliza Injili yoyote namna ile, na Mungu anisamehe kwa kulinganisha. Isitoshe barua ndizo zilizotangulia: ile ya kwanza kwa Wathesalonike wataalamu wengi huiweka karibu mwaka 50, Injili ya Marko karibu mwaka 70. Hata orodha ya kale zaidi tunayoijua yenye vitabu 27 hivi vya Agano Jipya tulivyo navyo imo katika barua, ya Pasaka, aliyoiandika Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367.

Na yule mhubiri? Nimerudi kwenye Waefeso sita. Alikomea mstari wa nane. Wa tisa unawageukia mabwana, waache kuwatisha watumwa, kwa kuwa wote wana Bwana mmoja mbinguni. Wenye hoteli walikuwapo siku ile, viti vya mbele.

Basi andikeni "Ndiyo." Ndiyo, lakini kwa anayesoma barua yote na kusema iliandikwa kwa nani. Tena ndiyo yangu ina tundu: huo mstari wa tisa hausemi mtumwa aachwe huru, na Filemoni alijibu nini hatukuandikiwa. Mkinibana hapo sina la kusema.

Mkikosa nafasi, kateni popote ila hapa. Anawasalimu jirani yangu fundi simu, aliyenisahihishia mwaka wa Athanasio. Anawasalimu na yule kijana wa hotelini, nimemsomea haya asubuhi alipokuja kuchapisha barua ya kuomba kazi kwingine. Kasema niwaambie ile Amina ilimtoka kwa mazoea.