Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kazi ya Kuigiza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uache kazi ya benki kwa kuwa umepata nafasi katika tamthilia ya televisheni, nawe unataka jibu la mtu aliyeishi kwa kazi hii, si la mama mwenye hofu. Basi nitakujibu kama mwigizaji.

Kwanza fahamu kwamba utalipwa kwa siku unazoitwa seti tu, ilhali kodi ya nyumba hailali. Msimu ukiisha na malipo yameisha, hata kama wapita njia wa Barabara ya Tom Mboya wangali wanakuita kwa jina la mhusika wako. Ndiyo maana wenzangu wengi hutia sauti matangazo, hufundisha drama shuleni na kuongoza sherehe. Lupita Nyong'o, aliyeshinda Oscar mwaka wa 2014, aliigiza kwanza katika majukwaa ya hapa Nairobi, akafanya kazi nyuma ya kamera, kisha akaenda Yale kusomea uigizaji.

Kazi yenyewe inataka subira kubwa. Onyesho la dakika mbili laweza kula asubuhi nzima: kamera huwatazama nyote wawili, halafu humgeukia mwenzako, halafu hukugeukia wewe, na kila mara sharti uinue kikombe kwa mkono uleule, kwenye neno lilelile, la sivyo mhariri atashindwa kuunganisha vipande. Iheshimu hasa zamu ya mwenzako. Wengi hulegea hapo, wakayataja maneno yao kama wanaosoma risiti, kwa sababu wao hawaonekani. Mimi humpima mwigizaji papo hapo: akitokwa na machozi ya kweli akiwa nje ya picha, ili macho ya mwenzake yapate cha kujibu, huyo namheshimu kuliko mwenye sura ya kwenye mabango. Sisi tuliolelewa na jukwaa la Ukumbi wa Kitaifa tulizoea kuirusha sauti hadi safu ya mwisho, lakini mbele ya kamera sauti ile huwa kelele, na kupepesa jicho tu kunatosha.

Kuhusu mkataba, soma kila kifungu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inazitambua haki za mwigizaji juu ya uigizaji wake, lakini mikataba mingi niliyoiona humtaka aziachilie zote kwa malipo ya mara moja, hata kipindi kikirudiwa kwa miaka au kikiuzwa nje. Hilo linaniuma sana, kwani nimewaona wazee wa fani hii wakichangiwa pesa za hospitali huku sura zao zingali hewani.

Kwa hiyo nafasi hiyo ichukue, maana kipaji unacho na nimekiona. Ila usijiuzulu bado. Omba likizo isiyo na malipo hadi upigaji picha wa msimu huu umalizike. Usitie sahihi kabla ya Jumapili. Niletee mkataba nyumbani tuusome pamoja, tukianza na kifungu cha marudio.

Akupendaye,
Mama