Kabla hujalipia saa za kuruka, hesabu ndege zinazoruka

Mkuu, umeuliza uchague chuo cha urubani cha bei nafuu au kile cha ghali, na shabaha yako ni leseni ya urubani wa biashara, ile ya kuruka kwa malipo. Mimi nilianza na cha bei nafuu nikahama katikati, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Swali la kwanza lisiwe bei ya saa. Uliza ndege ngapi zinaruka wiki hii. Mimi niliambiwa zipo nne. Nilipofika, moja ilikuwa hangani, yaani kwenye banda la ndege, haina propela, nyingine inasubiri vipuri, na zilizobaki zilifikisha saa 100 karibu pamoja, zikasimama kukaguliwa. Nikakaa wiki tano bila kugusa usukani. Siku niliyorudi, nilikuwa nainua pua mapema mno. Ndege inaelea juu ya barabara ya kutulia, mwendo unaisha, inajibwaga. Mwalimu akanirudisha kuzunguka uwanja, kutua na kupaa, kutua na kupaa. Saa nne zilikwenda kurudisha nilichokuwa nakijua, na zote nimezilipia. Kima cha chini cha kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi, ile ya kwanza isiyo ya kulipwa, ni saa 40, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Mimi nilimaliza na 71.

Angalia na uwanja wenyewe. Penye ndege nyingi za abiria utajifunza redio vizuri sana, ila mita ya saa unazolipia inahesabu tangu injini inawaka, hata ukiwa kwenye foleni unasubiri ruhusa ya mnara.

Halafu, leseni utaitumia wapi? Hapa wengi wanaumia. Florida na Arizona, kule Marekani, zinapendwa kwa sababu hali ya hewa inakuruhusu kuruka karibu mwaka mzima. Marekani leseni ya biashara inadai saa 250, au 190 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ukitaka kuajiriwa Ulaya, bado kuna mitihani 13 ya nadharia ya ATPL, leseni ya marubani wa mashirika ya ndege, inakusubiri. Na kule Marekani marubani wawili wanaweza kuruka pamoja, mmoja amezibwa asione nje akifuata vyombo, mwenzake akimwangalizia anga, kisha wote wawili wakaandika muda huo kama rubani kiongozi. Ni njia halali na nafuu ya kukusanya saa, lakini si kila mamlaka ya anga inazihesabu hivyo. Waandikie mamlaka ya nchi utakakofanya kazi, wakujibu kwa maandishi, kabla hujaruka hata saa moja ya namna hiyo.

Cheti cha afya daraja la kwanza kitangulie ada, tafadhali. Na ada yenyewe lipa kidogo kidogo. Chuo kikifunga milango, pesa uliyotanguliza ni vigumu kuipata.

Ukienda kutembelea, usiishie ofisini. Kaa karibu na hanga asubuhi nzima, hesabu zinazopaa. Kisha waombe wanafunzi wawili watatu wakuonyeshe logibuku zao, daftari za saa walizoruka, ukurasa wa mwezi uliopita.