Michungwa ya Tukuyu: hapo si suala la samadi

Kaka, umesema michungwa yako Tukuyu ina majani ya manjano na umeshamwaga samadi bila nafuu. Chuma jani, likunje kwenye mshipa wa kati. Madoa ya pande mbili yakioana, huenda ni upungufu wa zinki. Yasipooana, na tunda limepinda, kitako kimebaki kijani, mbegu zimesinyaa, basi shuku ugonjwa wa bakteria uitwao "citrus greening" (ukijani wa michungwa). Aina yake ya Kiafrika hupenda ubaridi kama wa huku kwetu, na mdudu anayeueneza huacha vinundu kwenye majani machanga. Dawa ya kuuponya haipo. Florida, Marekani, waligundua aina ya Kiasia 2005, mpaka leo wanahangaika. Pulizia wadudu dawa kwanza ndipo ung'oe miti iliyougua, la sivyo watahamia kwa jirani. Na vikonyo vya kubebeshea (vijiti vya kuunganishia miche) usikate tena kwenye miti hiyo!