Roboti amekana au roboti imekana? Ngeli ya mshtakiwa asiye binadamu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu hucheza Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa karatasi na dadu, na mimi ndiye refa, yaani mwongozaji wa mchezo. Nimetunga kisa cha Kiswahili: kwenye kituo kilicho angani, roboti ya ukarabati inashtakiwa kwa kumuua mmiliki wake, nao wachezaji ni mawakili, mashahidi na hakimu. Kila nikiandika nakwama. Niseme roboti amekana shtaka au roboti imekana? Wingi ni roboti au maroboti? Na roboti ikihukumiwa, niandike imezimwa, imekufa au amefariki? Mchezaji mmoja anashikilia kwamba kwa kuwa inaongea na kufikiri, lazima iwe ya ngeli ya a-wa. — Msomaji, Nakuru.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nikupe kwanza jibu la kukuwezesha kuendelea kuandika, kisha nieleze sababu, maana hizo ndizo zitakazokufaa katika visa vingine. Katika sauti ya msimulizi, hati ya mashtaka na sheria za kituo, tumia i-zi: roboti imekana, roboti zimezuiliwa. Wahusika nao, kila mmoja mpe ngeli inayolingana na anachokiamini kuhusu roboti hiyo. Usiwalazimishe wote waseme namna moja. Mahakama yako imekaa kuamua kama aliye kizimbani ni kitu au ni nafsi, na Kiswahili kinaruhusu ubishi huo uendelee ndani ya kila kitenzi.

Tuanze na hoja ya mchezaji wako. Ni hoja ya mtu aliyefikiri, lakini haisimami. Ngeli ya a-wa hufuata uhai, au tuseme imani ya msemaji kwamba anachokitaja kina uhai. Kuongea hakutoshi. Ndege aliyetua mtini ni a-wa, na ndege iliyotua uwanjani ni i-zi, ilhali neno ni lilelile. Kifaru wa mbugani amejeruhiwa, kifaru cha jeshi kimeteketezwa. Hapo ni uhai tu unaotenganisha. Sasa sikiliza methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linajua, linakula, tena katika hadithi linaongea na kufanya hila, na bado methali imelipa li-. Wapo wasimulizi wanaosema zimwi akanena, nao hawakosei, kwa kuwa wamelichukua kama mhusika mwenye nafsi. Lakini katika ngano jiwe likiongea tunasema jiwe likajibu, na mlango ukiongea tunasema mlango ukamwambia. Hakuna anayesema jiwe akajibu. Kwa hiyo roboti inayoongea inaweza kubaki i-zi bila kuvunja kanuni yoyote.

Jina nalo halitoshi. Mei 2020, wakati wa korona, Rwanda ilizindua roboti tano jijini Kigali za kusaidia kupima joto la wagonjwa na kupunguza hatari kwa wauguzi, zikapewa majina ya Kinyarwanda, miongoni mwao Akazuba na Urumuri. Ukiwa na jina kama hilo ulimi unavutwa useme Akazuba amempima mgonjwa. Mvuto huo ni wa kweli, na simlaumu anayeufuata. Lakini meli ya MV Bukoba ina jina pia, na mwaka 1996 ilizama, hatusemi alizama. Jina humsogeza msemaji karibu na kitu, halikipi uhai.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linaloweza kushinda uhai, nalo ni umbo la neno lenyewe. Mwanasesere hana pumzi, lakini tunasema mwanasesere ameanguka, kwa sababu neno linaanza na mwana-. Hapa ndipo kisa chako kinaponoga. Neno mshtakiwa lina umbo la m-wa. Mwendesha mashtaka anaweza kusema roboti imeua, roboti ikakimbia, roboti ikaficha silaha, lakini akifika kwenye mshtakiwa hana njia: lazima aseme mshtakiwa amekana, mshtakiwa alikuwepo. Mshtakiwa imekana si Kiswahili. Katika aya moja ya hati ya mashtaka utapata basi roboti hiyo ilionekana karibu na mlango na mshtakiwa alionekana karibu na mlango, na zote mbili ni sahihi, kwa sababu kitenzi hufuata kiima chake. Usihangaike kuzisawazisha. Wachezaji wakishaliona hilo, wakili wa utetezi atalirudia neno mshtakiwa kila apatapo nafasi, na upande wa mashtaka utang'ang'ania roboti hiyo, mashine hiyo, kielelezo namba moja. Vuta nikuvute ya namna hiyo ni nzuri mno mezani, wala haihitaji kurusha dadu.

Nitarajie swali linalofuata: roboti ikitambuliwa na sheria kuwa na haki, je, sarufi haina budi kuipandisha hadi a-wa? Hapana, na ushahidi ninao wa pande mbili.

Upande wa kwanza ni kampuni. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 260, inafafanua kwamba mtu ni pamoja na kampuni na mashirika. Kampuni inashtaki, inashtakiwa, inamiliki ardhi, inalipa faini. Mbele ya sheria ni mtu. Mbele ya sarufi imebaki i-zi, na hakuna wakili aliyewahi kuona haja ya kusema kampuni amekata rufaa.

Upande wa pili ni mzito zaidi, na ningependa uuweke moyoni unapoandika. Mtumwa aliuzwa Unguja kama bidhaa mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe ilisubiri amri ya 1897 ndipo ikaondolewa kisheria. Miaka yote hiyo Kiswahili kilisema mtumwa ameuzwa, watumwa wamefika. Bei iliwekwa, hati ya mauzo iliandikwa, na kiambishi a- kilibaki palepale. Sarufi ilikiri uhai ambao soko lilikataa kuuheshimu, na kukiri huko hakukumkomboa hata mmoja. Kampuni basi ina haki bila a-, na mtumwa alikuwa na a- bila haki. Ndiyo maana nasema ngeli isichukuliwe kuwa hukumu. Wakili wako wa utetezi akisema mheshimiwa, hata shahidi wa upande wa pili amesema roboti ameingia, kwa hiyo ni mtu, hakimu aikatae hoja hiyo.

Nimeutaja utumwa kwa sababu nyingine pia. Neno roboti linatokana na robota la Kicheki, yaani kazi ya shuruti. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitumia katika tamthilia yake ya 1920 kwa pendekezo la kaka yake, Josef, na roboti zake hazikuwa za chuma: zilikuwa viumbe vya kutengenezwa, vyenye umbo la watu, vilivyoundwa ili vitumike. Swali la nani anayefanyishwa kazi na kwa haki gani lilikuwa ndani ya neno tangu siku ya kwanza. Kisa chako hakikulichomeka kwa nguvu.

Katika ulimwengu wa kweli jambo hili limeshafika mezani kwa watunga sheria. Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililopendekeza, pamoja na mengine, kuangalia uwezekano wa kuzipa roboti zenye uwezo mkubwa wa kujiamulia hadhi ya nafsi za kielektroniki. Wataalamu wengi walipinga, wakihofia kwamba watengenezaji wangejificha nyuma ya mashine zao. Sheria ya akili unde (AI) ya Umoja wa Ulaya, iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 2024, haikuipa mashine nafsi. Wajibu imewatwika wanaoiunda na wanaoitumia. Oktoba 2017 Saudi Arabia ilitangaza kumpa uraia Sophia, roboti yenye sura ya mwanamke. Kuipa au kumpa? Nimeandika kumpa, kwa kuwa kiambishi kimefuata jina la mtu pamoja na neno uraia, ambalo kwa kawaida hupewa watu. Ningeandika kuipa roboti uraia, nisingekuwa nimekosea pia. Ukitaka kujua mwandishi anasimama wapi, tazama kiambishi chake cha mtendwa.

Turudi kwenye sheria za kituo chako, maana hapo nakusihi usiiache i-zi. Mwaka 1942 Isaac Asimov, mwandishi wa hadithi za kubuni za sayansi, alichapisha hadithi yenye kanuni tatu za roboti, ya kwanza ikiikataza roboti kumdhuru binadamu au kumwacha adhurike. Kwa Kiswahili tutasema: roboti isimdhuru binadamu. Kitazame kitenzi hicho: i- ni ya mashine, -m- ni ya mtu, na wote wawili wamekaa ndani ya neno moja bila kuchanganywa. Kwa mtunga sheria hiyo ni neema kubwa. Chukua kifungu hiki: roboti akimjeruhi mmiliki, azuiliwe mpaka achunguzwe. Nani azuiliwe? Nani achunguzwe, na fundi au na daktari? Mawakili wawili watakula mwezi mzima hapo. Sasa andika: roboti ikimjeruhi mmiliki, izuiliwe mpaka achunguzwe. Mashine izuiliwe, mtu achunguzwe. Herufi moja imemaliza mgogoro. Ukitaka roboti ndiyo ichunguzwe, unabadilisha herufi hiyohiyo. Na hili halihusu michezo pekee. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na siku ikija ya kutunga kanuni za mashine zinazojiendesha, mwandishi wa sheria atakutana na kifungu cha aina hii hasa. Natamani akumbuke i-.

Kwa wahusika wako, mambo yawe huru. Binti wa marehemu, aliyelelewa na roboti hiyo, atasema nilimwona, alinisaidia, hakunidanganya. Fundi atasema niliikagua, ilikuwa na hitilafu. Mwendesha mashtaka mwenye chuki anaweza kushuka hadi ki- au li-: kiroboti hiki kilichonyamaza hapa, liroboti lile lililomwaga damu. Tunafanya vivyo hivyo kwa binadamu tunapowadharau, tukisema kijitu kile au jitu lile, kwa hiyo wachezaji wataihisi dharau bila kuelezwa. Ningefurahi sana kuona shahidi anayeanza ushahidi wake kwa i- na, anapohojiwa sana, a- inamtoka bila kukusudia. Refa mwangalifu atamwacha wakili wa upande wa pili aidake.

Angalia na vimilikishi, hapo pana utamu ambao wengi hawauoni. Tukisema rafiki yangu amefika, ndugu yangu amefika, jirani yangu amefika, kitenzi kina a- lakini kimilikishi ni yangu. Tukitaja mnyama au mwenye cheo tunasema mbwa wangu, daktari wangu, askari wangu. Kwa hiyo fundi atasema roboti yangu imefika, chombo tu. Tajiri mwenye kundi la roboti anazoziona kuwa hai lakini chini yake atasema roboti wangu amefika. Na yule binti? Mwandikie roboti yangu amefika. Atakuwa ameiingiza kwenye safu ya ndugu na marafiki. Mhariri mwenye haraka atadhani umepotoka katika upatanisho. Mweleze kwamba umekusudia.

Kuhusu wingi, sitakawia. Katika maandishi, roboti moja, roboti mbili, roboti zimezuiliwa. Maroboti yanasikika sana katika mazungumzo, na ukiyatumia yaende na upatanisho wake: roboti hili, maroboti haya. Mhusika anayewaona ni hai aseme maroboti wamekataa kazi, kama tusemavyo madaktari wamegoma. Usilichanganye neno moja mara zi-, mara ya-, mara wa- katika kinywa cha mhusika mmoja, isipokuwa mabadiliko hayo yana maana katika kisa.

Limebaki la kufa. Hapa jihadhari, kwa sababu kitenzi kufa kwetu hakithibitishi uhai. Betri inakufa, injini inakufa, simu imekufa tangu juzi. Ukiandika roboti imekufa, msomaji ataelewa imeharibika, na pengine fundi ataifufua kesho. Roboti imezimwa ni baridi zaidi, lugha ya taarifa ya kituo. Roboti amekufa tayari ni kifo. Kufariki ni kwa watu peke yao: hatusemi mbuzi amefariki, seuze mashine. Kwa hiyo liweke neno hilo mbali mpaka hukumu itolewe. Taarifa rasmi ya kituo iseme roboti ya ukarabati imezimwa saa sita. Karani wa mahakama, akiwapigia simu jamaa wa marehemu nyumbani, aseme imekufa au amekufa, kadiri ulivyomchora tangu mwanzo. Amefariki mwachie binti peke yake, na mchezaji anayemwigiza ndiye aamue kulisema au kutolisema; usimwandikie.