Maswali Yenu: Mbona kadi moja isitumike kote?

SWALI: Salaam aleikum bwana mhariri. Mimi nakaa Likoni, kazi Nyali. Gari nikivuka nalo nalipia feri, siku nikiliacha naingia matatu nampa makanga pesa mkononi, juzi nikaenda Nairobi, ile barabara ya juu ya kulipia, Expressway, nao wana kadi yao. Kwani hiyo mashini ya kufanya kadi moja bado haijapatikana? — Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mashini ipo zamani. Hong Kong tangu 1997 wana kadi ya Octopus, mtu anapandia treni, basi na feri na dukani ananunulia maji. Marekani mashariki kuna E-ZPass, kidude cha kubandika kwenye kioo cha gari, unapita barabara za kulipia za majimbo kadhaa na akaunti inayokatwa ni ile ile moja.

Mambo yanakwama kwenye pesa. Wewe umetia elfu moja, ukavuka feri, ukapanda matatu, ukapita ile barabara. Elfu hiyo imekaa kwa nani, na atawagawia wenzake lini? Lazima awepo mmoja katikati wa kukusanya safari zote, apige hesabu, kila mtu apewe chake, na wakubaliane kabisa hesabu ikienda kombo hasara ya nani. Sasa feri na treni ni za serikali, ile barabara ya kilomita 27 Mlolongo mpaka Westlands ina kampuni inayotaka kurudisha pesa iliyojengea, na matatu kila moja ina tajiri wake, hebu waweke meza moja uone.

Tena matatu ndio kazi. 2014 serikali ilisema pesa taslimu mwisho, kadi zikatoka za kila rangi, hii haisomwi na mashini ya ile, zikafa. Na makanga usimlaumu sana, mafuta anataka leo, pesa ikienda moja kwa moja kwa tajiri yeye jioni ataondoka na nini?

Mimi ningeanza na simu. M-Pesa tunayo tangu 2007, tiketi ya treni ya SGR yenyewe tunalipia hapo. Ila kubonyeza namba ya siri huku foleni ya feri imefika mbali, honi zinalia nyuma, hapana. Kidude kibaki kwenye kioo kisomwe gari likipita, pesa itoke kwenye simu. Matatu waiache mwisho, wakishaelewana na makanga.